Laptopu kwa Kijana wa Kinanda: Silaha za Sauli au Kombeo la Daudi?

 

Kila mwaka familia zetu na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukusanya michango ya kuwapongeza vijana: huyu amepata Kipaimara, yule amehitimu kidato cha nne. Zamani kijana wa kwaya alizawadiwa Biblia, saa ya mkononi au kitambaa cha suti. Siku hizi wazazi hutujia na swali jingine: "Baba Paroko, kijana wetu anapiga kinanda na ameanza kutunga nyimbo. Tumnunulie laptopu gani?" Swali hili limetufikia mara nyingi, nasi tumeona vema tulijibu hapa kwa faida ya wote.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: zawadi ifuate kazi ya kijana, wala si macho ya watoaji, na kila kilichomo ndani yake kiwe halali.

Tuanze na la kwanza. Maandiko Matakatifu yanamtaja Daudi kama mpiga kinubi kabla ya kumtaja kama shujaa (1Sam 16). Katika sura inayofuata, mfalme Sauli anamvika mavazi yake ya vita, chapeo na upanga. Ilikuwa zawadi ya heshima kubwa, lakini Daudi alishindwa hata kutembea nayo, kwa maana hakuizoea. Akaivua, akachukua fimbo, kombeo na mawe matano laini ya kijitoni (1Sam 17:38-40). Sauli hakuwa na nia mbaya. Alimpa kijana kile ambacho kingemfaa yeye mwenyewe. Ndivyo nasi tunavyofanya tunapochagua kompyuta nyembamba, ya jina kubwa, itakayopendeza kwenye picha za sherehe, pasipo kumwuliza kijana anafanya nini.

Basi tumwulize. Je, kazi yake ni kuandika nota za sauti nne na kuwachapia wanakwaya? Hiyo ni kazi nyepesi. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 256 yamtosha. Au anarekodi, akipanga sauti nyingi na vyombo vingi kwa pamoja? Huyo anahitaji RAM ya gigabaiti 16 na SSD ya gigabaiti 512, kwa sababu sauti za vyombo hula nafasi nyingi. Wote wawili wanahitaji matundu ya kutosha ya USB kwa ajili ya kuunganisha kinanda, na tundu la spika za masikioni za waya. Spika zisizo na waya huchelewesha sauti: kidole kinagusa, nota inasikika baadaye, na mpigaji anapoteza mapigo. Kwa sababu hiyo tunashauri fedha zote zisiishie kwenye kompyuta. Ibaki sehemu ya kununulia spika hizo, kinanda kidogo cha kuunganisha na diski ya nje ya kuhifadhia nakala, maana nyimbo za miaka mitatu huweza kupotea kwa kikombe kimoja cha chai.

Sasa tushuke Kariakoo, ambako wengi wetu tutanunua. Kompyuta nyingi huko ni zilizokwisha kutumika ng'ambo, na hilo si aibu. Nyingi ni imara. Lakini tujue kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 kwa kawaida hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Soma tarakimu zinazofuata i5 au i7: zikianza na 6 au 7, kompyuta hiyo imeachwa nyuma, hata kama bei yake inavutia. Iwashe papo hapo, jaribu kila tundu, chomoa chaja uone betri inadumu muda gani, sikiliza kama feni inanguruma. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka. Asiyetaka kutoa risiti huenda hataki ijulikane bidhaa ilitoka wapi, nasi hatutaki kumpongeza mtoto wetu kwa mali aliyoibiwa mtoto wa mwingine. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayekuvuta mkono barabarani usimfuate hadi ghorofani.

Hapa tunafika kwenye jambo la pili, ambalo kwetu ndilo zito zaidi. Ukishalipa, muuzaji atakuuliza kwa ukarimu: "Nikuwekee na programu za muziki?" Kwa nyongeza ndogo, au bila nyongeza yoyote, atajaza programu ambazo leseni zake hazikulipiwa na mtu yeyote. Wengi wetu hatuoni kosa. Tunasema: waliozitengeneza ni matajiri, wako mbali, nasi ni maskini.

Tunaielewa hoja hiyo, kwa kuwa ni kweli baadhi ya programu huzidi bei ya kompyuta yenyewe. Hata hivyo tumtazame kijana wetu. Kesho atatunga wimbo wa shukrani, kwaya kumi zitautoa nakala bila kumtaja, mwingine ataurekodi na kuuza. Atalalamika, na atakuwa na haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa wimbo, na sheria hiyo hiyo inamlinda mtunzi wa programu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Amri ya Saba ya Mungu haikuwekewa mpaka wa bahari. Tukimkabidhi zana ya wizi siku ya Kipaimara chake, tutamwambia nini siku atakapoibiwa yeye?

Tena kisingizio cha umaskini kimepungua nguvu. MuseScore ni programu ya bure na ya halali. Huandika sauti nne pamoja na kinanda, huzipiga zisikike, na hutoa kurasa za kuchapa. Audacity hurekodi bila malipo. Kompyuta za Apple huja na GarageBand. Hata kompyuta ya zamani huweza kuwekewa Linux, ambayo nayo ni ya bure. Kwa upande mwingine, Finale, iliyozoewa na watunzi wengi duniani tangu mwaka 1988, watengenezaji wake walitangaza Agosti 2024 kwamba hawaiendelezi tena. Aliyekuwa amejifunza muziki wenyewe alihamia kwingine. Aliyekuwa amejifunza vitufe tu alianza upya.

Hilo latukumbusha kwamba kompyuta haitungi. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa kwetu Tanzania alichapisha utafiti wake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, miongo mingi kabla ya laptopu kufika Kariakoo. Mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Sacrosanctum Concilium, ibara ya 115, ulihimiza wanamuziki na waimbaji, hasa watoto, wapewe malezi ya kweli ya kiliturujia. Kwa hiyo, wazazi na wasimamizi, pamoja na kompyuta mlipieni kijana miezi michache ya mwalimu wa nota. Na sisi maparoko tumfungulie kinanda cha kanisa siku za juma, badala ya kukifungia hadi Dominika.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, awaombee vijana wetu. Tunawatakia Dominika njema.