NANI MLINZI WA MTOTO?

Ndugu wanachama mlioko visiwani, nawaandikia kutoka Magole, wilaya ya Kilosa, ambako nina duka, kama walivyo ndugu zetu wengi waliovuka bahari kutafuta riziki.

Kila baraza yasikika lawama ile ile, kwamba vijana wetu wameharibiwa na sinema na simu. Sikatai. Mtoto amwonaye mwimbaji ampendaye ameshika sigara au chupa, hujiona hajatimia mpaka naye ashike. Lakini picha haiuzi sigara, hutamanisha tu. Auzaye ni mtu mzima, na aghalabu ni sisi wenye maduka.

Nakiri kosa langu kabla sijamnyooshea mwingine kidole. Kwa miaka kadhaa niliwauzia watoto sigara moja moja kwa neno moja tu: "Nimetumwa na baba." Jioni moja nilikwenda kwa mmoja wa baba hao kumwuliza. Akaapa kuwa tangu azaliwe hajapata kuvuta. Tukatazamana, na sote wawili tukaona haya. Yeye hakuwa akijua mwendo wa mwanawe, nami sikuwa nikitaka kuujua.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, itumikayo huku bara, yakataza kumwuzia mtoto sigara na ulevi. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, ambayo bei yake hata mtoto wa skuli aliimudu. Sisi ni wapinzani, lakini haki ni haki: jambo lile lilikuwa jema. Hata hivyo askari hawezi kusimama kila mlango, wala hapana sheria itakayomwuliza mtoto arudipo usiku, "Ulikuwa wapi, na nani?" Hilo ni la mzazi. Nasi wazazi tumeifanya simu kuwa yaya, kisha tukalala.

Basi nashauri kila tawi liwaite wenye maduka na wazazi pamoja. Wenye maduka waahidi mbele ya wazee kutomwuzia mtoto sigara hata akisema katumwa. Na wazazi waahidi kutomtuma, na kujua ayatazamayo na aandamanao nao.

Kila siku twawaomba wananchi watukabidhi nchi. Na tuanze kwa kuilinda amana ambayo Mwenyezi Mungu amekwisha kutukabidhi.