MTALII NI YEYE, MZURURAJI NI WEWE!

Kijana wa Mshangano, hebu tuulizane kidogo. Mzungu akishuka kwenye basi hapa Songea, begi mgongoni, kaptula, viatu vya kupandia mlima na chupa ya maji mkononi, akauliza njia ya kwenda Matogoro, anaitwa nani? Mtalii. Atatafutiwa hata mtu wa kumsindikiza. Wewe ukivaa kaptula yako, ukatia muhogo wa kuchemsha na maji kwenye mfuko, ukashika kijia kilekile siku ya Jumanne, unaitwa nani? Mzururaji. Na ukikutwa ndani ya msitu unapandishwa cheo papo hapo: mchoma mkaa, mwizi wa mbao, jangili. Mguu ni mguu, lakini wa mgeni unanukia dola na wa kwako unanukia kesi!

Usidhani mambo haya yameanza jana. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipotangazwa, vijana walitembea mkoa kwa mkoa kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alifia njiani katika matembezi hayo. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Enzi hizo kutembea kulikuwa uzalendo. Kisha mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi. Kijana wa mjini asiye na karatasi ya kazi akawa anakamatwa barabarani, anapakiwa kwenye gari na kupelekwa shamba. Watawala walewale, miguu ileile! Ukitembea kwa ajili yao wewe ni shujaa. Ukitembea kwa ajili yako wewe ni mhalifu.

Nao ukoloni ulikuwa umeshawatandikia kitanda. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza ilikuja na vifungu vya kumkamata mtu kwa kosa la kuonekana hana kazi. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha hapahapa nchini mwetu, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Na Katiba yetu, ibara ya 17, inasema raia ana uhuru wa kwenda atakako katika Jamhuri ya Muungano. Haikusema raia mwenye shangingi. Imesema raia.

Sasa tuje nyumbani. Songea ina nini cha kutembelea? Ina milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma unaanzia safari yake hadi Bahari ya Hindi. Ina bustani ya wanyamapori ya Ruhila, iliyo chini ya TAWA. Ina mapango ya Chandamali, yanayotajwa katika habari za Nduna Songea Mbano. Ina Makumbusho ya Majimaji, mahali wanapokumbukwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Yaani mkubwa wa Berlin amefika kwa msafara wa magari. Wewe wa Mshangano, mwenye mji, umefika mara ngapi kwa miguu yako?

Fanya jaribio hili wiki hii. Muulize mtendaji wako wa kata: njia ya miguu ya kwenda Matogoro inaanzia wapi? Kibao kiko wapi? Mtu mwenye baiskeli yake ya Phoenix apite upande gani asigongwe na malori? Kati ya makumbusho, Chandamali na mlimani, kijana apite wapi? Akikuonyesha ramani, niandikie nimwombe radhi hadharani. Akikutazama kama umemuomba funguo za ofisi, basi umeshapata jibu.

Wala usidanganywe kwamba haiwezekani. Mkoa wa Pwani imewezekana. Kule Kisarawe misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ililiwa miaka na miaka na wachoma mkaa wa kulisha majiko ya Dar es Salaam. Leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, ina njia za kutembea kwa miguu na za baiskeli, na vijana wa Dar huenda huko mwisho wa wiki kupanda vilima na kurudi. Jozani, Unguja, imejengwa njia ya mbao ndani ya mikoko, mtu anatembea juu ya matope bila kulowa. Kwa nini Pwani iwezekane na Songea isiwezekane? Au kwa sababu Kisarawe iko karibu na macho ya wakubwa, na sisi tuko mbali, tunakumbukwa wakati wa kuomba kura na wakati wa kutafuta mahindi?

Watakuja na hoja yao ileile: eti mkiruhusiwa mtachoma moto, mtaharibu vyanzo vya maji. Ni hoja ya kujibiwa, kwa sababu maji ni uhai na moto ni moto. Lakini mchoma mkaa hapiti kwenye njia yenye kibao. Yeye anapenda pale pasipopita mtu. Njia inayopitwa na watu mia kila wiki ina macho mia mbili ya bure, yasiyodai posho wala mafuta ya gari. Ibara ya 27 ya Katiba inakupa wewe wajibu wa kulinda maliasili za nchi. Utalindaje kitu ambacho ukikikaribia unakamatwa?

Na wale wanaopenda kutuambia tuige Ulaya, leo tuwaige kwelikweli. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa mji wa Manchester, Uingereza, walipanda mlima wa Kinder Scout. Mlima ule ulifungwa ili mabwanyenye wapate kuwinda ndege kwa raha zao. Walinzi wakawatokea na fimbo. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20 tu. Vijana watano walitupwa jela, yeye akapewa miezi minne. Lakini mwaka 1949 Bunge lao lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa iliyozitaka halmashauri kuchora ramani ya njia za miguu za umma, na mwaka 1951 Kinder Scout ikawa ndani ya hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi yao.

Hapo ndipo nataka ufungue macho. Mwaka uleule, 1951, Mwingereza yuleyule alitangaza Serengeti kuwa hifadhi ya taifa. Kwao neno hifadhi lilimaanisha raia apate pa kutembea. Kwetu lilimaanisha raia atoke! Kufikia 1959 Wamasai walikuwa wameondolewa Serengeti. Neno moja, tafsiri mbili: moja ya bwana na moja ya mtwana. Uhuru ukaja 1961, bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, lakini tafsiri ya mtwana ikabaki mezani. Chama kikongwe kimeikalia tangu hapo.

Tena sisi wa Ruvuma tunajua wanavyoogopa wananchi wanaojipangia mambo yao. Vijiji vya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, Litowa ikiwa mbele, vililima pamoja, vikawa na shule yao na mipango yao. Mwaka 1969 TANU ikakipiga marufuku. Kosa lao? Hawakusubiri kuelekezwa.

Sasa, kwa nini nakwambia wewe wa Mshangano na kwa nini leo? Kwa sababu kata yako inajaa. Palipokuwa na shamba la mahindi panasimama bikoni, na bikoni ikishasimama, kijia walichopita bibi zako kwenda mtoni kinakuwa chumba cha mtu. Kijia hakina hati wala wakili. Kikifa, hakuna wa kukiandikia tanzia. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka rasimu ya mpango wa eneo iwekwe hadharani, wananchi waione na kutoa pingamizi. Umewahi kuiona? Au uliambiwa imeshapita?

Kwa hiyo usikae kijiweni ukisubiri bao limalizike. Mkutano wa mtaa ukiitwa, nenda, tena nendeni kumi kumi. Dai mambo matatu. Kwanza, mchoro wa Mshangano uonyeshe njia za miguu na za baiskeli kabla kiwanja kingine hakijapimwa. Pili, njia ya kwenda Matogoro iwekewe vibao, na waongozaji wa wageni watoke kwenye mitaa yetu, si mpwa wa mkubwa kutoka Dar. Tatu, kiingilio cha mzalendo kilingane na mfuko wa mlalahoi, na mwanafunzi apite bure. Madai hayo yaandikwe kwenye muhtasari, na muhtasari usomwe mbele yenu kabla hamjatawanyika.

Mwenyekiti akisema ajenda hiyo haipo, mjibu kwa heshima: mzee, ajenda tumekuja nayo kwa miguu.