Ndoo Iliyopasuka si Aibu ya Kibaraza

Kuna imani iliyozoeleka kwenye vibaraza vingi, kuanzia Chanika mjini Handeni hadi Manundu mjini Korogwe, kwamba ua likioteshwa kwenye ndoo ya rangi, sufuria iliyotoboka au tairi kuukuu, linamtangaza mwenye nyumba kuwa hana kitu. Anayejiheshimu hununua vyungu vya saruji vinavyopangwa kando ya barabara kuu, vile vyenye miguu na nakshi ubavuni, akavipaka rangi nyeupe na kuviweka pande mbili za mlango. Asiye na uwezo huo na afagie uwanja wake, akae kimya. Majivuno haya yamevaa joho la ustaarabu, na katika wilaya mbili hizi yana hasara kuliko mahali pengi.

Tuanze na mmea wenyewe. Mizizi inataka udongo wenye hewa, unyevu usiotuama, na chombo kisichogeuka kikaango jua la saa saba. Bei haimo. Ushahidi uko jirani: milima ya Usambara ndiyo asili ya ua dogo la urujuani ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, katika vyungu vya kila bei. Kwao porini linaota kwenye nyufa za mawe yenye kivuli, juu ya mboji isiyojaza kiganja. Mmea uliotoka kwenye ufa wa jiwe ukateka masoko ya dunia hauwezi kudhalilishwa na kopo la maziwa ya unga.

Kisha kuna maji, na hapo hoja ya chungu cha kununua inazidi kuvuja. Handeni imeteseka kwa kiu miaka mingi. Mradi wake mkongwe wa HTM (Handeni Trunk Main) huvuta maji kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, na mji wa Handeni umo pia katika mradi wa Miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Mahali ambapo watu wamezoea kuhesabu ndoo, chombo kinachotunza unyevu ndicho chenye thamani. Chungu cha udongo kisichopakwa kitu hupitisha maji ubavuni, ndiyo maana mtungi hupoza maji ya kunywa, lakini kwa ua hiyo ni kazi ya kumwagilia kila mara. Saruji mpya nayo huachia chokaa kwenye udongo, na si kila mmea unaipenda. Chungu kikubwa cha saruji hukaa na unyevu kwa sababu ya wingi wa udongo uliomo, na ndoo ya lita 20 hufanya vivyo hivyo bila kumvunja mtu mgongo. Itobolewe kwa msumari uliopashwa moto, matundu manne au matano ubavuni, vidole viwili juu ya kitako. Maji kidogo yatabaki chini, yamefunikwa na udongo, na mizizi itayafuata jua likiwa kali. Panda humo vinka, mmea wenye asili ya Madagaska: utachanua waridi na mweupe kwa maji yaliyooshea mboga, na mbuzi huuacha kwa uchungu wake. Kwa Handeni, hilo la mbuzi si jambo dogo.

Ajabu ni kwamba vikuukuu tumeviheshimu tangu zamani. Debe la mafuta ya taa liligeuka kipimo cha mahindi sokoni, na hakuna mkulima aliyeona haya. Tairi huwa katambuga, kopo huwa koroboi. Jani la mkonge hutoa singa asilimia chache tu, mengine yote ni mabaki. Pale Hale, wilayani Korogwe, ukajengwa mtambo wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme, tukasifu ubunifu. Tairi hilohilo likipakwa njano, likajazwa udongo na kupandwa maua, ghafla ni umaskini. Tofauti iko wapi? Tunamruhusu mtu wa kipato kidogo atumie kikuukuu kwa haja. Akikitumia kwa uzuri tunaona amejisahau. Hilo ndilo linalonikera kuliko vyungu vyenyewe.

Zipo pingamizi za maana. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye matairi na makopo yenye maji, na mlipuko wa mwaka 2019 uliisumbua Dar es Salaam na Tanga pia. Lakini mbu huyo anataka maji yaliyo wazi. Tairi lililotobolewa upande wa chini na kujazwa udongo hadi ukingoni limemnyima makazi. Lililotupwa nyuma ya gereji ndilo nyumba yake, sawa na kile kisahani kilichosahauliwa chini ya chungu cha fahari. Kuhusu sumu, hapo sitetei kila kikuukuu. Dumu la dawa ya magugu au ya wadudu lisipandwe kitu, hata likioshwa mara ngapi, na ganda la betri ya gari lina risasi. Ndoo yenye masalia ya rangi ya mafuta ibaki ya maua. Mchicha utafutiwe chombo kingine. Na anayesema vikuukuu vikikusanyika hufanana na jalala yuko sahihi mara nyingi: buti, sinki lililovunjika, birika na kiti cha plastiki, kila kimoja na rangi yake, ni vurugu tupu. Ndoo sita za namna moja zikipakwa rangi mbili na kupangwa juu ya matofali kwa kimo, fupi mbele, ndefu nyuma, nyingine zikaning'inizwa kwa kamba ya katani, hiyo ni bustani. Plastiki itapasuka juani baada ya misimu kadhaa, kweli. Ndoo nyingine ipo.

Wanabaki wale wasemao maua hayaliwi, kwa hiyo kuyahangaikia ni anasa ya wenye nafasi. Wanawake wa pwani ya mkoa huuhuu wa Tanga hawajapata kuwasikiliza. Mrehani na asumini za kikuba huoteshwa uani, kwenye chochote kinachoshika udongo, na kikuba, kile kishada cha kunukia, huuzwa. Mwenye shaka na aulize bei yake wiki ya harusi.