Uvuvi wa Trauti Uingie Shuleni

Miongoni mwetu wakazi wa Nyeri imekita mizizi dhana kwamba uvuvi wa ndoana ni starehe ya Wazungu na wageni wa hoteli. Dhana hiyo haikuzuka bure. Trauti wa kwanza waliletwa mwaka wa 1905 na Ewart Grogan kutoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa katika Mto Gura unaoteremka kwa kasi kutoka milima ya Nyandarua. Wenyeji, ambao kwa jadi hawakula samaki, hawakuulizwa neno, na mito hiyo ikawa uwanja wa walowezi.

Hata hivyo, Uhuru ulipatikana mwaka wa 1963. Yashangaza basi kwamba hadi leo kijana wa Othaya, Karatina, Naro Moru au Nanyuki aweza kuhitimu masomo ya sekondari bila kuujua mto unaopita chini ya shule yake, ila kwa kuuvuka. Tunamfundisha kandanda, voliboli na riadha. Mto tunamwachia mteka maji.

Mimi ni mwalimu, na uvuvi wangu ni wa ridhaa tu. Msimu uliopita tulishindana walimu wanne, tangu Juni, mvua za masika zilipokwisha, hadi mwishoni mwa Februari. Masharti yetu yalikuwa machache. Kila mmoja awe na leseni. Chambo kiwe nzi wa bandia, yaani uzi na manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana yakafanana na mdudu. Samaki apimwe urefu kwa rula kisha arudishwe majini akiwa hai. Nilimaliza wa tatu. Wa nne alikuwa mwalimu wa hesabu, ambaye hata sasa hajakubali kwamba tulijumlisha sawasawa.

Lakini lililokuwa na faida kubwa kuliko mashindano yenyewe ni sharti la mwisho: kabla ya kutupa mshipi, kila mmoja aandike daftarini tarehe, joto la maji, rangi yake na kina chake. Trauti ni samaki wa maji baridi. Hustawi pale ambapo joto halizidi nyuzi 20 hivi na oksijeni ni tele. Maji yakipata joto au yakichafuka, yeye ndiye wa kwanza kuhama au kufa. Kwa hiyo anayemtafuta hulazimika kuuchunguza mto kama daktari anavyomchunguza mgonjwa.

Daftari letu lilisema mengi. Mnamo Novemba, katika kijito kimoja, tulipata samaki watatu juu ya kiwanda cha kuosha kahawa, ambacho jina lake naliacha. Chini ya kiwanda hicho hatukupata hata mmoja, na maji yalinuka maganda yaliyochacha. Mwanafunzi yeyote wa biolojia aweza kueleza sababu: viini vinavyoozesha maganda hayo hutumia oksijeni ambayo samaki angeivuta. Februari tulikwenda Mto Burguret, upande wa Nanyuki. Mahali ambapo mwezi wa Julai maji yalitufika magotini, sasa tulivuka bila kulowesha soksi, huku mabomba ya kunyweshea mashamba yakiendelea kuvuta hicho kidogo kilichosalia. Tangu Sheria ya Maji ya 2002 kumekuwapo vyama vya watumiaji maji vya kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo. Katika vikao vyao, kijana mwenye takwimu za miezi tisa angekuwa shahidi wa maana kuliko mzee mwenye hasira.

Si ndoto. Huko Marekani, Ray Scott alianzisha mashindano ya kuvua samaki aina ya bass mwaka wa 1967, katika jimbo la Arkansas. Ni samaki yule yule aliyepandikizwa katika ziwa letu la Naivasha enzi za ukoloni. Haukupita muda mrefu kabla Scott kuwashtaki mahakamani wachafuzi wa mito huko Alabama, na mwaka wa 1972 akawataka washindani wake wawarudishe samaki majini wakiwa hai. Wavuvi waliokuwa wakigombea vikombe wakawa walinzi wa maji, kwa kuwa bila maji safi hapakuwa na kikombe cha kugombea.

Najua yapo ya kupinga. Watetezi wa viumbe vya asili watasema kwamba trauti ni mgeni mlafi aliyewala wenyeji wa mito yetu. Ni kweli, wala siombi apelekwe mito mipya. Nasema tu kwamba pale alipo tayari, atumike kutufundisha. Mzazi naye ataogopa Gura na tembo wa msituni. Hofu yake ni ya haki. Wanafunzi wasipelekwe msituni wala kwenye mkondo mkali. Ziko kingo tulivu karibu na vijiji, na kipo kituo cha Kiganjo, kinachozalisha trauti tangu mwaka wa 1948, ambapo darasa zima laweza kuona mayai, vifaranga na wazazi wao kwa asubuhi moja.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi unatudai kazi za vitendo, nasi tunahangaika kuwaagiza watoto maboksi na gundi. Na nyinyi mnaosimamia uvuvi katika kaunti za Nyeri, Laikipia na Kirinyaga, wekeni leseni ya mwanafunzi kwa ada ambayo mtoto wa mchuma chai aweza kuilipa. Shule tatu zilizo kwenye mto mmoja, moja juu, moja katikati, moja chini, zaweza kuanza Juni ijayo zikiwa na kipimajoto, daftari na mishipi minne kila moja, na kila mwisho wa mwezi zikabadilishana madaftari.