Ramani nyekundu ya bahari: tuulize tarehe, tuulize rangi

Mwezi wa nane, kusi likiwa limekaza, nilihudhuria kikao cha wavuvi katika kijiji kimoja kusini mwa Mombasa. Ofisi moja ilikuja na projekta, shuka jeupe likatundikwa ukutani, ramani ikamulikwa. Bahari yote, kutoka Vanga hadi Kiunga, ilikuwa nyekundu kama pilipili. Afisa akaeleza kwamba setilaiti imeonyesha maji yamepata joto na matumbawe yanakufa, kwa hiyo sehemu ya mwamba wanayovua watu wa pale ifungwe kwa miezi kadhaa.

Watu walinyamaza. Kisha mzee mmoja, nahodha wa zamani, akainua mkono. "Mwanangu, mimi leo alfajiri nimetia mguu majini nikautoa mbio kwa baridi. Hiyo ni bahari ya leo au ya lini?"

Watu wakacheka, na afisa akacheka nao, lakini hakujibu. Hakuweza kujibu, kwa sababu ramani ile haikuandikwa tarehe. Kando yake hapakuwa na kipimo cha kueleza kila rangi ni nyuzi ngapi. Hata jina la waliotoa data halikuwapo.

Swali la mzee yule ndilo lililonifanya niandike makala haya. Siku hizi ramani za setilaiti zimeingia katika kila jambo letu: mikoko imepungua wapi, Mto Tana umefurika hadi wapi, meli gani zinavua mbali na pwani, mwamba gani ufungwe. Mwenye ramani ndiye mwenye neno la mwisho kikaoni. Nasi wa Pwani tumezoea kuonyeshwa ramani, hatujazoea kuzifungua wenyewe.

Namba zilizopakwa rangi

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mpwa wangu, kijana anayesomea mambo ya kompyuta. "Mjomba, ile si picha," akaniambia. "Ni namba zilizopakwa rangi. Ngoja nikuonyeshe."

Akafungua programu iitwayo Panoply, iliyotengenezwa katika taasisi ya Goddard ya NASA iliyoko New York. Ni ya bure. Data yenyewe haikuwa ndani ya kompyuta yake. Ilikuwa imekaa kwenye seva ng'ambo, huko Marekani. Alichofanya ni kubandika anwani ya seva ile, na programu ikatoa orodha ya vilivyomo: joto la juu ya bahari, siku baada ya siku, kwa miaka mingi. Hakushusha data yote, maana ingemaliza bando lake kabla ya magharibi. Programu iliomba kipande cha siku moja tu aliyoichagua, kikaja, kikachorwa kuwa ramani mbele ya macho yangu.

Ndipo nikaelewa. Bahari imegawanywa miraba kama wavu. Katika data aliyoifungua, kila mraba una upande wa takriban kilomita 5, na ndani yake mna namba moja tu ya joto. Rangi haitoki mbinguni. Rangi huchaguliwa na aliyekaa kwenye kompyuta.

Akanifanyia jaribio. Alichukua siku moja ya mwezi wa nane, akaweka kipimo cha rangi kuanzia nyuzi 0 hadi 30. Pwani yetu yote ikawa nyekundu na rangi ya chungwa, kwa sababu maji yetu hata wakati wa kusi hayashuki sana chini ya nyuzi 25. Kisha akabadilisha kipimo, kikaanza nyuzi 24 hadi 31. Bahari ileile, siku ileile, ikageuka buluu. Namba hazikubadilika hata moja.

Kwa kipimo cha kwanza, Pwani ya Kenya itakuwa nyekundu mwaka mzima, kaskazi na kusi. Ukitaka kumtisha mvuvi utatumia hicho, na ukitaka kumtuliza mwenye hoteli utatumia cha pili. Wote wawili utakuwa umewaonyesha data ya kweli.

Joto lenyewe si uongo

Hapa msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba habari za joto la bahari ni uzushi wa maafisa. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1998, baada ya El Niño, matumbawe yalipogeuka meupe kama mifupa na sehemu kubwa yakafa, Malindi na Watamu hadi Kisite. Mwezi wa Aprili 2024, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, NOAA, lilitangaza kwamba dunia imo katika tukio la nne la matumbawe kupauka kote duniani.

Lakini tumbawe halijali ramani ni nyekundu kiasi gani. Linachojali ni mambo mawili: joto limezidi kawaida ya mahali pale kwa kiasi gani, na limezidi kwa muda gani. NOAA huchukua wastani wa mwezi wenye joto zaidi wa kila mahali. Maji yakizidi wastani huo kwa nyuzi 1 au zaidi, hesabu huanza, ikijumlisha joto la wiki 12 zilizopita. Jumla ikifika 4, kupauka kunatarajiwa. Ikifika 8, tunatarajia kupauka kukubwa na vifo vya matumbawe. Ramani ya hesabu hiyo iko wazi kwa kila mtu, na ndiyo iliyofaa kuletwa kijijini, si ile ya joto tupu.

Kwa hakika, afisa yule angeweza kuwa na hoja nzuri kuliko aliyoitoa. Bahari yetu hupata joto zaidi mwezi wa tatu na wa nne. Tumbawe lililojeruhiwa wakati ule bado ni mgonjwa mwezi wa nane, hata kama maji yamepoa. Likiwa katika hali hiyo linahitaji pono na tafi wale mwani unaolifunika, na tukiwavua wote tumelinyima dawa. Mvuvi akielezwa hivyo, kwa tarehe na kwa kipimo, ataelewa, maana anawajua pono na tafi kuliko yeyote. Akiletewa shuka jekundu bila maelezo, atarudi nyumbani akisema serikali inataka kumnyang'anya mwamba.

Kisichoonwa kutoka juu

Kuna jambo jingine ambalo ramani hizi hazisemi zenyewe. Mraba wa kilomita 5 unaweza kuumeza mwamba mzima pamoja na mlango wake na maji ya ndani. Ndani ya mraba huo mmoja, mvuvi anajua mahali ambapo mkondo baridi hupita na mahali ambapo maji hutuama na kuchemka wakati wa maji mafu. Setilaiti hupima ngozi ya bahari, nayo ikipimwa kwa miale ya joto, wingu huiziba. Mahali penye wingu hujazwa kwa hesabu kutoka vyombo vingine na miraba ya jirani.

Mfano mzuri uko Malindi. Kuna ramani za klorofili, yaani rangi ya kijani ya vimea vya baharini ambavyo ni mwanzo wa chakula cha samaki. Mahali penye kijani kingi hudhaniwa kuwa na samaki wengi. Lakini Mto Sabaki ukijaa mvua za bara, bahari ya Malindi huwa kahawia kwa tope, na hesabu za setilaiti hulikanganya tope na klorofili kwa urahisi. Ramani itaonyesha neema. Mvuvi wa Malindi atakwambia ni matope.

Kwa hiyo setilaiti inafaa kutuambia twende wapi kutazama. Kutazama kwenyewe bado ni kazi ya mpiga mbizi na mvuvi.

Bomba liko mikononi mwa nani?

Kuna suala jingine lililo zito. Data ile aliyoifungua mpwa wangu iko kwenye seva za watu. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kupunguza sana bajeti ya NOAA, na mwezi wa Mei mwaka huohuo shirika hilo likatangaza kuacha kuongeza taarifa mpya kwenye hifadhi yake mashuhuri ya majanga ya hali ya hewa yanayogharimu mabilioni ya dola. Hifadhi hiyo ni ya Marekani na haituhusu moja kwa moja, lakini somo linatuhusu. Bomba la jirani tunachota bure leo. Hatujui kesho atalifunga saa ngapi. Wazungu wa Ulaya nao wana data yao ya Copernicus, ya bure pia, lakini nayo ni bomba la jirani.

Ajabu ni kwamba Pwani si mgeni wa mambo haya. Pale Ngomeni, Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco tangu mwaka 1967. Tarehe 12 Disemba 1970 ikaruka nyingine iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kenya yenyewe ilirusha Taifa-1 mwezi wa Aprili 2023, kutoka California. Zaidi ya nusu karne setilaiti zimepita juu ya vichwa vyetu, na bado kikao cha wavuvi kinaletewa ramani isiyo na tarehe.

Tufanye nini

Sidai mambo makubwa. Kila BMU ichague kijana mmoja afundishwe kufungua data hii mwenyewe. Kompyuta ya kawaida na bando vinatosha, na walimu wapo Chuo Kikuu cha Pwani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na wataalamu wa KMFRI. Serikali za kaunti zetu ziweke nakala ya data ya bahari yetu hapahapa, ili seva ya ng'ambo ikizimwa tusibaki gizani. Na ramani yoyote inayoletwa kwa wananchi iandikwe kwa Kiswahili.

Nasi wenyewe, kila tukionyeshwa ramani, tuulize maswali manne kabla ya kupiga makofi au kupiga kelele: Ni ya tarehe gani? Rangi hii ni kiasi gani? Data imetoka kwa nani? Mraba mmoja ni mkubwa kiasi gani?

Kikao kile kiliahirishwa. Ofisi iliahidi kurudi na ramani yenye tarehe, pamoja na wapiga mbizi watakaoingia majini na vijana wa pale. Mzee wetu aliitwa aketi mbele siku hiyo. Alikubali, kwa sharti moja: aonyeshwe mwezi wa nne na mwezi wa nane kwa rangi zilezile, zikae sambamba, naye ajionee tofauti.