Akaunti 50 za mtu mmoja: anayeibiwa ni nani?

Jamani, hili neno "tunakula pesa ya wazungu wa kripto" limenichosha. Nalisikia Nyeri mjini, Karatina, hata Nanyuki. Mtu ana laini kumi na mbili, nyingine zimesajiliwa kwa kitambulisho cha shosho yake wa Othaya, ana akaunti 50 za Telegram na X, halafu anajiita hasla. Leo tupige hesabu.

Kwa wasiojua: baunti ni kazi ndogo ndogo ambazo mradi mpya wa sarafu za kidijitali hulipia kwa tokeni zake. Unafuata akaunti yao, unasambaza tangazo, unajiunga na kundi, unaandika sifa. Kampeni ikiisha, washiriki wanagawana fungu lililotengwa. Soma hapo tena: fungu lililotengwa. Haliongezeki hata washiriki wakiongezeka.

Chukua fungu la tokeni 100,000 na watu 50 wa kweli. Kila mmoja anapata 2,000. Sasa mmoja wao aongeze akaunti 50 za uongo. Akaunti zimekuwa 100, kila moja inapata 1,000. Yule bwana anaondoka na 51,000, wale 49 wamekatwa nusu. Na mradi umetoa ngapi? Zile zile 100,000. Mzungu hajapoteza hata senti. Aliyepoteza ni msichana wa Ruring'u mwenye simu moja na bando ya kukopa.

Tena mradi umefaidika, maana unakwenda kwa wawekezaji ukijigamba una jumuiya kubwa. Hamster Kombat, ule mchezo wa kugonga simu kwenye Telegram, ulijitangaza kuwa na wachezaji milioni 300. Tokeni zilipotoka Septemba 2024, waliostahili walikuwa milioni 131, na milioni 2.3 walifungiwa kwa udanganyifu. Lakini ile milioni 300 ilikuwa imeshafanya kazi yake ya matangazo. Kwa hiyo msiniambie wenye kampeni hizi hawaioni spamu. Kundi ambalo watu mia wanaandika "mradi mzuri sana" ndani ya dakika mbili, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta angelitambua. Wanaiona. Wanasubiri siku ya kulipa ndipo wachuje.

Na kuchuja kwenyewe! Njia ya kivivu ni kuangalia anwani ya IP. Sasa wateja wengi wa mtandao mmoja wa simu huweza kutokea intanetini kwa anwani moja, na hosteli nzima karibu na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi inaweza kuwa inatumia waifai moja. Kwa mashine, hao wote ni tapeli mmoja mwenye simu thelathini. Tapeli mwenyewe ananunua proksi, anapita. Wanafunzi wanakatwa, na hakuna ofisi ya kukata rufaa.

Wengine wakaja na dawa ya kupiga picha macho. Agosti 2023 serikali ilisimamisha Worldcoin baada ya watu kujazana KICC, Nairobi, kuskaniwa mboni kwa tokeni za kama shilingi 7,000. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Yaani kuthibitisha kwamba mimi si boti, nitoe jicho, kitu ambacho siwezi kukibadilisha kama nywila likivuja.

Mimi nasema walipe kazi, wasilipe vichwa. Mwenye kutafuta hitilafu kwenye msimbo hasaidiwi na akaunti 50: hitilafu ni ile moja, ama ameiona ama hajaiona. Lakini mradi ukilipa hivyo, utabaki na washiriki kumi badala ya laki moja, na wawekezaji hawatashangilia kumi.

Na wewe uliyeniuliza juzi bei ya skripti ya kufungua akaunti 200 za Telegram: siandiki. Ukitaka kujifunza kusoma msimbo wa mikataba ya kidijitali na kutafuta mashimo yake, njoo, hiyo sikutozi.