Safari ya Tsavo Huanzia Uani mwa Shule

Kuna kauli isiyokosa kusikika walimu wanapopanga ziara ya mbugani: "Gari ni Land Cruiser, litafika tu." Kauli hiyo naipinga. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne halina muujiza wowote. Lisipotayarishwa, litawafikisha wanafunzi mbali zaidi na msaada, kisha likwame huko.

Hebu tuitazame nchi yenyewe. Tsavo Mashariki peke yake ina kilomita mraba zaidi ya 13,000, na Tsavo Magharibi, ipakanayo na upande wa Taveta, yapata 9,000. Ukilipita lango la Voi ukashika njia ya bwawa la Aruba kuelekea mto Galana, usitarajie kumkuta fundi kando ya njia. Fauka ya hayo, kanuni za mbuga zakataza abiria kushuka ila mahali palipotengwa, kwa hiyo hata kubadilisha tairi huanza kwa kuangaza macho vichakani.

Taita Taveta inalo funzo lake kuhusu jambo hili. Mwaka 1915, Waingereza walipojiandaa kuwakabili Wajerumani walioitwaa Taveta mnamo Agosti 1914, walijenga reli kutoka Voi hadi Maktau, na maji yakaletwa kwa mabomba kutoka vilima vya Bura. Jeshi zima lenye mizinga lilikubali kuyangoja maji. Itakuwaje basi mwalimu aondoke na vijana kumi na katoni moja ya chupa?

Watu kumi, kwa lita 5 kila mmoja kwa siku, wahitaji lita 100 kwa siku mbili, mbali na maji ya rejeta. Hizo ni kilo 100. Zikipakiwa juu kwenye keria, gari hulewalewa kwenye kona. Zikiwekwa sakafuni, hutulia. Hapo mwalimu wa fizikia ana somo zima bila kugusa chaki. Na wa hisabati naye anayo hesabu yake: gari linalotumia lita 15 kwa kila kilomita 100 za lami litahitaji lita 60 kwa kilomita 400, lakini mchangani, kwa gia nzito, hunywa zaidi sana. Mimi ningeongeza theluthi moja, ziwe 80.

Magurudumu ndiyo yanayonitia shaka kuliko yote. Miiba ya migunga haichagui tairi, na spea moja haitoshi. Katika mchanga mwingi upepo hupunguzwa ili tairi litandae na lisizame. Lakini lazima pampu iwemo garini, kwani tairi legevu likirudishwa kwa kasi kwenye barabara kuu ya Mombasa hupata joto na kupasuka. Jeki nayo, bila ubao mnene chini yake, huzama mchangani kama kijiko katika uji. (Ubao huo haugharimu kitu, ila ndio usahaulikao kila mara.) Chujio la hewa likungutwe vumbi jekundu, na mkanda wa feni wa akiba uwemo.

Najua mwalimu mkuu atauliza fedha zitatoka wapi. Zitoke palipotoka za soda na fulana za ziara! Na kazi hii asiachiwe dereva aliyekodiwa na kuarifiwa alfajiri ya safari. Aitwe wiki moja kabla, wanafunzi walikague gari pamoja naye na kuandika kila walichokiona. Kisha lijazwe mzigo wake wote, lipandishwe kutoka Mwatate hadi Wundanyi, na kuteremshwa tena. Mwinuko ule utaipima rejeta, na mteremko utazipima breki. Kama kuna kitakachochemka au kulegea, na kichemke huko, karibu na mafundi, huku watoto wakiwa bado madarasani.